Soprano na Manyanga: Uimbaji wa Opera Ulivyokutana na Nyimbo za Asili za Brazili

Mwaka 1945, jijini New York, Bidu Sayão aliingia studio pamoja na wapiga wanane wa selo, ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Yeye alikuwa soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, wa jumba la Metropolitan Opera, mzaliwa wa Rio de Janeiro, na aliyewaongoza alikuwa mtunzi mwenyewe, Heitor Villa-Lobos. Walirekodi sehemu ya kwanza ya Bachianas Brasileiras namba 5. Mpaka leo, ukimwomba mpenzi wa muziki wa klasiki akuimbie chochote cha Brazili, kuna uwezekano mkubwa ataanza na hiyo. Selo zinadonolewa kwa vidole kama magitaa. Juu yake sauti inapanda bila neno hata moja, "aa" ndefu inayojizungusha na kujikunja. Katikati linaingia shairi fupi la machweo na mwezi, kisha melodi ya mwanzo inarudi, safari hii mdomo ukiwa umefungwa.

Watu husema hiyo ndiyo ndoa bora kati ya opera na muziki wa asili wa Brazili. Sawa, lakini hebu tukague mahari. Melodi haikuokotwa kijijini. Villa-Lobos aliitunga mwenyewe mwaka 1938. Shairi ni la Ruth Valladares Corrêa, mwimbaji msomi ambaye ndiye aliyeuimba wimbo huo kwa mara ya kwanza huko Rio mwaka 1939, na Kireno chake ni cha vitabuni. Sauti inayotakiwa ni ya opera kabisa. Jina lenyewe linamwinamia Johann Sebastian Bach, Mjerumani wa karne ya 18. Cha asili hapo ni kipi?

Ni gitaa ambalo halipo. Villa-Lobos alizaliwa Rio mwaka 1887, akajifunza selo kwa baba yake, na ujanani akazunguka mitaani na wanamuziki walioitwa chorões, yeye akipiga gitaa. Zile selo zinazodonolewa ni kumbukumbu ya vidole vya watu hao. Na ile sauti inayojivuta kwa huzuni ni desturi ya modinha, wimbo wa mapenzi wa Brazili ambao tutaufikia baadaye. Hakuchukua wimbo wa mtu, alichukua namna ya kuimba na kupiga.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu neno "kuchanganya" linabeba kazi ambazo hazifanani. Mmoja anauchukua wimbo wa kijijini ulivyo na kuuwekea piano chini yake. Mwingine anatunga upya kwa kufuata mtindo wa watu. Wa tatu haandiki chochote: ni mwimbaji aliyefundishwa opera anayeamua kubadilisha koo lake. Mabishano mengi kuhusu kama mchanganyiko huu unafaa au ni uharibifu hutokea kwa kuwa kila mbishani ana kazi yake kichwani.

Makoo mawili

Tuanze na koo, maana ndilo husahaulika. Uimbaji wa opera ulikua ukikabiliana na shida moja: mtu mmoja asikike hadi kiti cha mwisho cha ukumbi mkubwa, na kati yake na wasikilizaji kuna okestra nzima, na kipaza sauti bado hakijabuniwa. Jibu likapatikana mwilini. Mwimbaji hushusha zoloto, hupanua koo kwa nyuma, hutoa pumzi kwa kuipima, na nguvu ya sauti yake hujikusanya kwa wingi kwenye eneo la Hertz 3,000 hivi. Mlio wa okestra una nguvu zaidi chini ya hapo. Huko juu umepungua, na sauti ya mtu mmoja hupenya. Juu ya hayo kuna mtetemo, mara tano hadi saba kwa sekunde, unaoipa sauti uhai.

Gharama yake hulipwa kwa maneno. Soprano akifika noti za juu kabisa lazima aachame, na irabu huanza kufanana zote. "I" na "u" zinaelekea "a", na asiyekuwa na maandishi mkononi hajui kinachoimbwa. Wapenzi wa opera hawalalamiki. Wengi wao hadithi wanaijua kabla hawajaketi.

Sasa nenda Nordeste, kaskazini-mashariki mwa Brazili, kwenye nyika kavu ya miiba inayoitwa sertão. Huko mwimbaji ni mtu wa maneno kwanza. Wawili hukaa na viola zao, aina ya gitaa lenye nyuzi kumi, wakajibizana kwa mashairi ya papo kwa papo mbele ya watu wanaojua kuhukumu. Msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili atajiona nyumbani: kuna vina, kuna mizani, na anayejikwaa huchekwa. Bahari moja inayopendwa sana ni martelo agalopado, beti za mishororo kumi, kila mshororo mizani kumi, na mkazo ukiangukia mizani ya tatu, ya sita na ya kumi. Katika sanaa ya namna hiyo sauti inayomeza irabu ni kasoro. Kwa hiyo wanaimba karibu na wanavyoongea, sauti kali, ya puani, iliyonyooka bila mtetemo.

Pwani ya huko huko kuna coco na embolada. Mwimbaji hushika tari, au manyanga yanayoitwa ganzá, na kutema silabi kwa kasi mpaka ulimi unakuwa ala ya kupigwa. Wengine huitikia. Hapo hakuna nafasi ya pumzi ndefu na wala hakuna noti ya kujionyesha.

Usidhani basi kwamba sauti ya porini haifiki mbali. Mchunga ng'ombe wa sertão huita mifugo kwa aboio, mwito wa irabu tupu unaovutwa na kuteremshwa taratibu, na ng'ombe waliotawanyika vichakani huufuata. Hakushusha zoloto kama alivyofundishwa mwanafunzi wa chuo. Ameliacha juu na kuubana mlio mpaka umekuwa mkali kama filimbi. Shida ni ile ile ya kusikika bila mashine, ila miili imepita njia tofauti. Ndiyo maana husikia ukakasi mtu anaposema opera ina ufundi na nyimbo za asili zina hisia. Zote mbili ni ufundi. Mmoja una vyuo na vitabu, mwingine hurithiwa kwa kusikiliza.

Tatizo kubwa ni karatasi. Mtu akiuandika wimbo kwa noti, karatasi huhifadhi melodi na kulitupa koo. Hutupa pia vitu vingine. Nyimbo nyingi za Nordeste hutumia ngazi ambayo noti ya nne imepandishwa na ya saba imeshushwa, na hilo piano inaliweza. Lakini waimbaji wa huko huiweka noti ya tatu mahali ambapo si pa furaha wala si pa huzuni, katikati ya funguo mbili za piano, na hapo mwandishi wa noti analazimika kuchagua upande. Mapigo nayo ni hivyo hivyo. Ile sinkopa ya Kibrazili, mkazo unaoanguka nje ya pigo, fupi-ndefu-fupi, inaonekana safi kwenye karatasi. Mdomoni mwa mwenyeji inalegea, haiko sawasawa na ilivyoandikwa wala haiko mbali nayo. Mwimbaji aliyesoma akiiimba kwa hesabu, inakuwa gwaride.

Caruso kumi na wawili

Mtu aliyelielewa hili mapema kuliko wengi alikuwa Mário de Andrade, mshairi na mwalimu wa muziki wa São Paulo. Mwaka 1928 alichapisha insha ndefu akiwataka watunzi wa Brazili waache kuiga Ulaya na wajenge muziki wao juu ya nyimbo za watu. Hakuishia kuandika, alifunga safari. Januari 1929, kwenye shamba la miwa la Bom Jardim huko Rio Grande do Norte, alimkuta Chico Antônio, mwimbaji wa coco, kijana mwenye ganzá mkononi.

Mário alichanganyikiwa kwa furaha. Katika maandishi yake ya safari alisema mtu huyu hajui kwamba ana thamani ya Caruso kumi na wawili. Enrico Caruso, tenor wa Italia aliyefariki mwaka 1921, ndiye aliyekuwa kipimo cha dunia nzima cha sauti ya mwanamume. Kumlinganisha na mwimba coco wa shambani ilikuwa kauli nzito, na haikuwa mzaha. Mário alinakili nyimbo zake, ukiwemo ule wa ng'ombe uitwao "Boi Tungão" ambao Chico alikuwa akiurefusha kwa kubuni maneno papo hapo. Noti zilibaki. Sauti iliyomtia Mário wazimu haikuingia kwenye karatasi, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Chico Antônio alirudi kwenye maisha yake, wasomi wakamsahau kwa karibu nusu karne, hadi watafiti walipomkuta tena mwishoni mwa miaka ya 1970. Alifariki mwaka 1993.

Baada ya kupewa uongozi wa Idara ya Utamaduni ya jiji la São Paulo, Mário alifanya mambo mawili ambayo, ukiyaweka pamoja, yanavutana. Mwaka 1937 aliitisha kongamano la lugha ya taifa katika uimbaji. Waimbaji wa klasiki wa Brazili walikuwa wakiimba Kireno kwa lafudhi ya Kiitaliano au Kifaransa, kwa sababu walimu wao walitoka huko, na irabu za puani walizikwepa kama ugonjwa. Kireno kimejaa irabu hizo. Ukiziondoa umeondoa nusu ya lugha. Mário aliwasilisha utafiti juu ya sauti ya puani ya Wabrazili kama inavyosikika kwenye santuri, akitetea kwamba hiyo si kasoro, ndiyo rangi ya sauti yao. Kongamano likakubali Kireno cha Brazili kiimbwe kama Kireno cha Brazili. Lakini cha wapi? Ilichaguliwa lafudhi ya Rio, iliyokuwa makao makuu ya nchi. Kwa hiyo mwimbaji alikombolewa kutoka Italia na papo hapo akakabidhiwa kanuni ambayo mwimba coco wa Nordeste asingejitambua ndani yake. Kanuni hizo zilikuja kupitiwa upya, na mara ya mwisho waimbaji na walimu walikaa juu yake mwaka 2005.

Jambo la pili lilikuwa msafara wa 1938. Watu wanne walitumwa kaskazini na kaskazini-mashariki na mashine ya kurekodi, wakapita Pernambuco, Paraíba, Ceará, Piauí, Maranhão na Pará, wakarudi na nyimbo zaidi ya elfu moja, picha, filamu na ala. Kwa mara ya kwanza koo lenyewe lilihifadhiwa kwa kiasi kikubwa, si noti tu. Wakati wasafiri wangali njiani, mabadiliko ya kisiasa yalimwondoa Mário kazini, na hazina ile ikakaa miaka mingi bila kusikilizwa na wengi. Watunzi na waimbaji wa kizazi kile, kwa sehemu kubwa, waliendelea kufanya kazi kutokana na karatasi.

Asili ambayo nayo ilikuwa imechanganyika

Kabla hatujalaumu opera kwa kuvamia kijiji, tuitazame modinha. Katika karne ya 18, Domingos Caldas Barbosa, padre na mshairi wa Rio, mtoto wa baba Mreno na mama mwenye asili ya Angola, aliwapelekea watu wakubwa wa Lisbon nyimbo mbili: modinha na lundu. Lundu ilitokana na ngoma za Waafrika waliopelekwa Brazili kutoka Angola na Kongo. Modinha ilikuwa tamu, ya mapenzi, na ilipoingia sebuleni mwa wakubwa ikavishwa mapambo ya opera ya Italia. Kisha ikafanya safari ya kurudi: ikatoka sebuleni, ikashuka mitaani, ikashikwa na wapiga gitaa, na baada ya vizazi viwili vitatu watu wakaihesabu kuwa wimbo wa asili. Mário de Andrade, huyo huyo mtetezi wa nyimbo za watu, alikusanya modinha za enzi ya wafalme wa Brazili mwaka 1930 na kuonyesha jinsi damu ya Kiitaliano ilivyo nzito ndani yake.

Kwa hiyo soprano anapoimba modinha kwa sauti ya opera hafanyi uvamizi wowote. Anarudi kwenye nyumba ambayo jamaa zake walisaidia kuijenga. Carlos Gomes, aliyewashangaza Waitaliano mwaka 1870 kwa opera yake Il Guarany katika ukumbi wa La Scala, alikuwa ameshatunga modinha "Quem sabe?" akiwa kijana huko kwao, na ilipendwa sebuleni na barazani pia.

Lakini sheria hiyo haihamishiki kirahisi. Jongo, ngoma ya Waafrika wa mashamba ya kahawa ya kusini-mashariki, ambayo ngoma zake bado huitwa angoma, haikupita sebuleni. Coco haikupita. Nyimbo za Wapareci, kabila la wenyeji wa Mato Grosso, ndiyo kabisa. Ukizipa zote sauti moja ya opera kwa hoja ya modinha, umedanganya.

Na kulikuwa na vita vya upande wa pili: kama Kireno kinafaa kuimbwa katika ukumbi wa heshima. Alberto Nepomuceno, mzaliwa wa Fortaleza, aliandaa onyesho la nyimbo zake za Kireno katika Taasisi ya Taifa ya Muziki huko Rio mwaka 1895, na mhakiki Oscar Guanabarino akamshukia kwa miaka mingi. Mwaka 1908, akiwa ndiye mkurugenzi wa taasisi hiyo, Nepomuceno alimfungulia mlango Catulo da Paixão Cearense aje na gitaa lake. Gitaa wakati huo lilikuwa ala ya walevi na wahuni machoni pa watu wa heshima. Leo ni vigumu hata kueleza kwa nini jambo hilo lilikuwa kashfa.

Piano chini ya wimbo wa mtu

Tuje kwenye kazi inayofanywa sana na wanafunzi wa uimbaji hadi leo: mpangilio wa sauti na piano. Ernani Braga alikuwa mpiga piano wa Rio aliyehamia Recife, ambako mwaka 1930 alianzisha chuo cha muziki cha Pernambuco. Kutokana na miaka yake ya Nordeste alitengeneza nyimbo tano za asili kwa sauti na piano, ambazo Bidu Sayão alizirekodi, na sasa zinaimbwa kwenye mitihani ya vyuo duniani kote.

Mmoja unaitwa "Capim di pranta". Kireno sanifu kingesema "de planta", ila Braga aliacha matamshi ya mashambani ambako "l" hugeuka "r". Sasa mwimbaji aliyefunzwa kanuni za 1937 afanyeje? Akisahihisha, amefuta kilichoachwa makusudi. Akiiga kupita kiasi, anamgeuza mtu wa shamba kuwa kichekesho cha watu wa mjini. Nimesikia yote mawili, na la pili linakera zaidi. Wimbo mwingine, "Engenho novo", ni coco ya Rio Grande do Norte kuhusu kinu kipya cha miwa, na maneno yake yanazunguka kama kinu chenyewe. Hapo sauti kubwa ni mzigo. Waimbaji wanaoufanya vizuri hupunguza mtetemo karibu kuuondoa, husogeza matamshi mbele kwenye meno na midomo, na kuiachia piano kazi ya kuwa tari. Wanabakiza pumzi ya opera, maana bila pumzi hiyo silabi zile zote hazimaliziki, lakini hawaonyeshi kwamba wanayo.

Mtunzi Jayme Ovalle alifuata njia nyingine. "Azulão", maneno ya mshairi Manuel Bandeira, ni wimbo mfupi wa ndege anayetumwa kwa mpenzi, na wengi huapa kwamba ni wimbo wa asili. Si kweli, aliutunga. Waldemar Henrique wa Belém naye alitunga nyimbo za hekaya za Amazoni, kama "Foi boto, sinhá!" ya 1933, inayomhusu pomboo wa mtoni anayejigeuza kijana mtanashati usiku wa sherehe na kuwapotosha wasichana. Nyimbo zake zilisafiri Brazili yote kwa sauti ya dada yake Mara, na baadaye zikapata mtetezi mkubwa katika soprano Maria Lúcia Godoy. Zinataka msimuliaji kuliko mwimbaji, mtu anayejua kunong'ona jina la pomboo kabla hajalipaza.

Kama ningeambiwa nimtaje mmoja aliyelitatua fumbo la koo katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, ningemtaja Elsie Houston. Alizaliwa Rio mwaka 1902, mwaka ule ule na Bidu Sayão, akafundishwa Ujerumani na Lilli Lehmann, mmoja wa waimbaji wakuu wa opera wa zama zake. Alishiriki katika maonyesho ya Villa-Lobos mjini Paris mwaka 1927, na mwaka 1930 akachapisha huko kitabu cha nyimbo za watu wa Brazili. Baadaye, New York, aliimba kwenye kumbi za muziki wa klasiki na kwenye vilabu vya usiku pia. Sikiliza rekodi zake za coco na embolada: sauti inakuwa nyembamba, kavu, karibu ya kuongea, silabi zinaruka kama punje kwenye kikaango, na ghafla noti moja inafunguka na unamsikia mwanafunzi wa Lehmann. Kisha anaifunga tena. Alifariki mwaka 1943, na kwa maoni yangu hajapewa nafasi anayostahili, kwa sababu wa opera walimwona wa vilabuni na wa vilabuni walimwona wa opera.

Wimbo wa nani

Hadi hapa nimeongea kana kwamba kila wimbo uko huru kuchukuliwa. Kuna nyimbo ambazo ni ibada. Katika candomblé na dini nyingine za Wabrazili wenye asili ya Afrika, wimbo wa orixá, yaani mungu anayeabudiwa humo, haupigwi ili watu wafurahi, unamwita. "Xangô" ya Villa-Lobos, nyimbo tatu za ibada za Ovalle, "O Kinimbá" ya Braga, zote zimetoka huko au zimeegemea huko. Zilipigiwa makofi kwenye kumbi za watu waliovaa vizuri, na katika miaka ile ile polisi wa Recife walikuwa wakifunga nyumba za ibada na kunyang'anya ngoma. Msafara wa 1938 ulirudi São Paulo ukiwa na vyombo vya ibada vilivyotoka mikononi mwa polisi. Mwimbaji wa leo anayeipanga "Xangô" kati ya nyimbo za Schubert angalau alijue hilo kabla hajainua mkono.

"Nozani-ná" ina historia ya namna yake. Mwaka 1912 mtafiti Edgar Roquette-Pinto alirekodi nyimbo za Wapareci kwenye mitungi ya nta. Villa-Lobos akaifanya wimbo wa sauti na piano, na akaitumia tena kwenye Chôros namba 3 ya mwaka 1925. Wanaoiimba wengi hawajui Kipareci, hawajawahi kuisikia kutoka kwa Mpareci, na kwenye ratiba ya onyesho jina linaloandikwa kwa herufi nzito ni la Villa-Lobos. Sheria ya haki za watunzi ya Brazili ya mwaka 1998 inasema kazi ya mtunzi asiyejulikana ni mali ya umma, isipokuwa pale maarifa ya jadi ya makabila yanapolindwa kisheria. "Asiyejulikana" ni neno la ajabu kwa wimbo ambao kabila zima linaujua ni wake. Marlui Miranda, mwimbaji na mtafiti aliyeshughulika na muziki wa wenyeji kwa miongo mingi, alipotoa albamu yake IHU: Todos os Sons mwaka 1995 aliutaja kila wimbo na watu wake, na sauti yake humo imekaa nje ya opera na nje ya pop pia. Alijifunza kwanza matamshi na namna ya kutoa sauti, mpangilio wa ala ukafuata.

Njia iliyogeuzwa

Turudi kwa Villa-Lobos kidogo, maana ile Bachianas namba 5 ina sehemu ya pili ambayo watu huisahau. Aliiongeza mwaka 1945, maneno yakiwa ya Manuel Bandeira kuhusu irerê, ndege wa sertão ya Cariri, na akaipa jina la Martelo. Hapa hakuna "aa" ya mbalamwezi. Selo zinakimbia, soprano anatema silabi kama mwimba embolada, akiiga na milio ya ndege. Wengi huiimba vibaya kwa sababu wanaingia nayo wakiwa na sauti ya sehemu ya kwanza. Villa-Lobos ameweka makoo mawili kwenye wimbo mmoja na kumlazimisha mwimbaji mmoja ayabebe yote, dakika chache zikiwatenganisha. Katika kazi zote za aina hii ninazozijua, hii ndiyo iliyolifanya tatizo lenyewe kuwa muziki.

Na kuna aliyekuja kutoka upande mwingine kabisa. Elomar Figueira Mello alizaliwa mwaka 1937 katika eneo la Vitória da Conquista, sertão ya Bahia. Alisomea usanifu majengo Salvador, kisha akarudi nyumbani kufuga mbuzi na kutunga. Gitaa lake lina mambo ya klasiki, maneno yake ni ya lahaja ya wachunga mifugo, na mashairi yake yana vitu vya Ureno ya kale ambavyo Ureno yenyewe imevisahau. Kutoka kwenye nyimbo alipanda hadi kazi za jukwaani, Auto da Catingueira ikiwa mojawapo, ambamo waimbaji wanapambana kwa mashairi kama wafanyavyo kwenye sherehe za huko. Kisha akaandika opera, za okestra na waimbaji waliosoma.

Waimbaji hao wakifika mazoezini na Kireno chao kilichonyooshwa, hukuta kwamba lahaja imeandikwa neno kwa neno, "r" mahali pa "l", miisho imekatwa, wingi hautajwi. Kila kitu ambacho kongamano la 1937 liliwaondolea kimerudishwa, safari hii na mtunzi mwenyewe ambaye hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwake. Inabidi wamwulize mfuga mbuzi irabu hii inafunguliwa kiasi gani.